Mafuta Hayachemki: Mhadhara Kuhusu Chipsi za Nyumbani

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za mchana. Leo tunazungumzia chipsi: viazi mviringo, mafuta na chumvi, basi. Kila mtu anadhani anazijua, na zikiharibika tunalaumu mafuta, moto au jiko. Mimi nawaomba mlaumu maji kwanza.

Litazame karai la chipsi likiwa motoni. Mapovu yanapanda, yanapasuka, yanapiga kelele. Watu husema mafuta yanachemka. Hayachemki. Mafuta ya kupikia yakizidishiwa moto hutoa moshi na kuungua muda mrefu kabla ya kuchemka. Kinachochemka mle ni maji ya kiazi. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80 ya uzito wake, na kila povu mnaloliona ni maji yanayotoka yakiwa mvuke. Kwa kuwa maji bado yamo, katikati ya chipsi hakuzidi sana nyuzi joto 100 hata kama mafuta yana 180. Ndiyo maana ndani panaiva kama kiazi cha kuchemsha huku nje pakikauka. Chipsi nzuri basi ni kitu chenye sehemu mbili: ndani laini penye maji, nje gamba jembamba lisilo na maji karibu kabisa. Kazi yote ya mpishi ni kulijenga hilo gamba, kisha kuyazuia maji ya ndani yasilirudie.

Tuanzie sokoni. Kiazi cha chipsi ni kile chenye unga, kile ambacho ukikichemsha kinapasuka na kumeguka. Kiazi chenye maji mengi hubaki kimeshikamana, kinafaa mchuzi na saladi, lakini kwenye mafuta hulegea. Kenya wengi hutumia shangi, aina ya kiazi cha huko, na linafanya kazi vizuri, ila huchipua upesi, kwa hiyo usiliweke akiba ya muda mrefu. Tanzania tumezoea kuuliza viazi vimetoka wapi: Njombe, Mbeya, Lushoto. Swali hilo lina maana yake, lakini shamba moja hutoa mbegu tofauti na misimu tofauti, kwa hiyo jina la mahali peke yake halitoshi. Kipimo ninachokiamini ni maji ya chumvi. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, pima kikombe 1 cha chumvi na vikombe 11 vya maji, koroga hadi chumvi iyeyuke yote, kisha tumbukiza kiazi kizima kilichooshwa. Kikizama kina wanga wa kutosha. Kikielea kina maji mengi, kipeleke kwenye mchuzi. Si lazima ufanye hivi kila siku. Fanya unapobadilisha muuzaji au unaponunua gunia.

Kiazi ambacho ganda lake linachubuka kwa kusugua na dole gumba hakijakomaa: wanga wake mdogo, sukari yake nyingi. Kiache. Chenye rangi ya kijani kikatae pia, kwa sababu kile kijani ni alama kwamba kimepigwa na mwanga na huenda kina sumu ya solanini, na mafuta ya moto hayaiondoi. Na vile viazi vya lumbesa vilivyobanwa na kurushwa kutoka kwenye lori, ukivimenya unakuta madoa meusi ndani. Ni michubuko. Ikate uitupe, pengine iliyobaki ni nzima.

Hapa niweke neno kwa wanaoamini kwamba viazi vyetu havifai. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu zilikuwa zinaagizwa kutoka nje na meli zilichelewa, huku viazi vimejaa masoko ya Nairobi. Viwanda hutaka kiazi kirefu kinacholingana na kingine, na wana hesabu zao. Jikoni kwako huna hesabu hiyo. Shangi lililokomaa na kukaangwa sawasawa linatoa chipsi unayoweza kumwekea mgeni yeyote.

Sasa friji. Usiweke viazi vibichi kwenye friji kama unataka chipsi. Kwenye baridi kiazi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto huungua mapema: unapata chipsi za kahawia nje, mbichi ndani, chungu kidogo mdomoni. Pia kuna jambo la afya. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali ya akrilamaidi, na kadiri sukari inavyozidi na rangi inavyokolea ndivyo inavyoongezeka. Kwa hiyo lengo letu ni rangi ya dhahabu, na ukiona inaelekea kahawia umechelewa. Viazi vilivyokwisha kupigwa na baridi viache mahali pakavu penye giza, joto la kawaida la chumbani, wiki mbili hivi. Sehemu ya ile sukari itapungua.

Nachukua kilo 1 ya viazi kwa watu watatu au wanne. Menya, kisha kata vipande vya unene wa sentimita 1. Kulingana ni muhimu kuliko unene wenyewe, maana kipande chembamba kitaungua kikimsubiri ndugu yake mnene. Ukikata vyembamba sana unapata vijiti vikavu vinavyobeba mafuta mengi, kwa sababu mafuta hukaa kwenye uso wa chipsi, na vipande vyembamba vina uso mwingi zaidi kwa uzito uleule. Kila unachokata kiingie kwenye maji baridi papo hapo, kisije kikawa cheusi. Osha, mwaga, osha tena hadi maji yawe safi, yasiwe na ukungu, halafu loweka nusu saa. Unaondoa wanga uliotapakaa juu baada ya kisu kupita, pamoja na sehemu ya sukari. Wanga huo ukiubakiza ndio unaogandisha chipsi moja na nyingine ndani ya karai.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nami nawasihi msiiruke: kuchemsha kwa siki. Maji lita 2, siki nyeupe vijiko 2 vya chakula, chumvi vijiko 2 vya chai. Weka vipande maji yakiwa bado baridi, washa moto, na yakianza kuchemka punguza, uviache dakika 8 hadi 10. Kipande kikiwa tayari, ncha ya kisu inapita bila kugoma lakini hakivunjiki ukikiinua. Siki ina kazi maalumu. Kuna gundi ya asili inayoshikilia chembe za kiazi pamoja, iitwayo pektini, na maji ya moto huiyeyusha. Ukali wa siki huichelewesha isiyeyuke. Bila siki, dakika chache tu zikizidi, una uji. Ladha yake haisikiki mwishoni. Walio nyanda za juu waongeze dakika mbili au tatu, maana Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100.

Chuja, tandaza kwenye kitambaa safi, vipande visigusane, uviache vitoe mvuke dakika 10. Vinatakiwa vionekane vikavu, na kingo zake kama zimepakwa unga. Kipande chenye maji juu kikiingia kwenye mafuta hufanya mambo mawili: kinarusha mafuta usoni kwako, na kinashusha joto la karai.

Mafuta lita 2, sufuria yenye kina, na yasipite nusu ya sufuria. Kaanga gramu 300 kwa mara moja, usizidishe. Hapa ndipo chipsi nyingi za nyumbani zinapokufa. Mtu ana haraka, anamwaga kilo nzima, joto linaanguka kutoka 160 hadi chini ya 120, mapovu yananyamaza, na badala ya kukaangika viazi vinajipikia polepole ndani ya mafuta. Nje hapafungi, gamba halijengeki, na unapovitoa vinadondosha mafuta.

Mkaango wa kwanza ni wa nyuzi 150 hadi 160, dakika 4 au 5 kwa viazi vilivyokwisha kuchemshwa, 6 au 7 kama hukuchemsha. Usiye na kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja. Kikizama na kutoa mapovu madogo ya taratibu, kisha kikapanda juu chenyewe, endelea. Kikilipuka kwa mapovu makubwa na kubadilika rangi ndani ya dakika moja, moto ni mkali, punguza. Mnaotumia jiko la mkaa mnajua haligeuzwi kwa kitufe: funga mlango wa hewa na utoe makaa machache kwa koleo. Usiguse chipsi dakika ya kwanza. Uso bado ni laini na utazivunja. Zitoe zikiwa zimepauka, zimekakamaa kidogo nje, bila rangi. Aliyezoea kukaanga mara moja ataona kama hazijafanyiwa kitu.

Zitandaze zipoe, angalau nusu saa. Zinaweza kukaa saa nne bila shida, au zikishapoa uzigandishe na kuzikaanga baadaye zikitoka moja kwa moja kwenye barafu. Katika mapumziko haya maji ya katikati yanasogea kuelekea nje na kulilowesha lile gamba changa. Ukikaanga mara moja tu, jambo hilohilo hutokea baada ya chipsi kufika mezani, na ndiyo sababu zinalegea kabla hujamaliza sahani. Tunayaacha maji yatoke sasa, tuyafukuze kwa moto wa pili. Wauza chipsi wengi mitaani huziweka zilizokaangwa nusu juu ya meza na kuzirudisha kwenye mafuta mteja anapoagiza. Wapo wanaodhani wanauziwa kiporo. Hapana, huo ndio ufundi.

Mkaango wa pili ni nyuzi 175 hadi 180. Kipande cha mkate mweupe cha ukubwa wa sentimita 2 kikiwa cha dhahabu ndani ya dakika moja, mafuta yamefika. Kwenye mkaa, hapa ndipo unapoongeza makaa na kupepea. Kwa hiyo maliza kwanza mkaango wa kwanza wa viazi vyote, usichanganye hatua. Dakika 2 hadi 3. Tumia masikio: mwanzoni sauti ni nene na ya fujo, kisha inapungua na kuwa nyembamba, kama mvua inayokatika. Kupungua huko ni maji kwisha kwenye gamba. Rangi ya dhahabu na sauti nyembamba vikikutana, toa.

Na ukitoa, kung'uta hapohapo juu ya karai, sekunde kumi nzima. Chipsi ikiwa ndani ya mafuta mvuke unasukuma nje na mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Ikitoka na kuanza kupoa, mvuke unageuka maji, nafasi iliyoachwa inafyonza mafuta yaliyobaki juu. Sehemu kubwa ya mafuta unayokula inaingia wakati huo, nje ya karai. Chumvi laini, kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa ile kilo nzima, inyunyize zikiwa bado zinang'aa ili inate. Kamwe usitie chumvi ndani ya mafuta, inayaharibu.

Baada ya hapo usizifunike. Hotipoti, foili, sahani juu ya sahani, vyote vinaurudisha mvuke kwenye gamba, na kazi yako ya saa mbili inalegea kwa dakika tano. Kachumbari nayo ikae pembeni, si juu yake.

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa, ya mawese yaliyosafishwa pia, na haya ya pili yanavumilia moto wa kurudiarudia. Alizeti ya kukamuliwa isiyosafishwa inatoa povu na moshi mapema. Itumie kwenye mboga. Yakishapoa kabisa, chuja kwa kitambaa, yaweke kwenye chupa iliyofungwa, gizani, maana makombo yaliyobaki huungua na kuyachosha. Nyumbani yatumie mara nne au tano. Yakiwa meusi, yakitoa povu linalong'ang'ania hata bila chakula, au moshi mapema kuliko zamani, yatupe yote, wala usiyachanganye na mapya: ya zamani huyaharibu mapya. Karai lenye kutu nalo huyachosha haraka.

Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko wa chuma, usilihamishe karai. Maji usiyaguse kabisa; yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi darini. Aliyeungua apitishiwe maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, na dawa ya meno ibaki bafuni.

Nimeulizwa kuhusu chipsi mayai kabla hatujaanza, nami nilisema nitafika. Kwa gramu 250 za chipsi zilizomaliza mkaango wa pili, mayai 3 yaliyopigwa na chumvi kidogo. Kikaango chenye kijiko 1 cha mafuta, moto wa wastani, chipsi zitangulie, dakika moja, kisha mayai juu, ukitikisa yapenye katikati. Chini pakishika, funika kwa sahani, geuza, dakika mbili nyingine. Wanaotumia chipsi za mkaango wa kwanza hapa ndipo wanaposhangaa yai kuwa na majimaji: yale maji hayakutoka kwenye yai. Karibuni kwa maswali.