Majimaji, chelema, chepechepe

Walimu wenzangu, karibuni. Leo nataka tukae na kivumishi kimoja, majimaji, maana katika madarasa yetu hapa Kampala kinabebeshwa mizigo isiyo yake.

Umbo lake ni maji yaliyorudiwa. Uji ukiwa majimaji bado ni uji, ila umekosa uzito. Nacho hakifuati ngeli: uji majimaji, mchuzi majimaji, au kwa -a ya uhusiano, uji wa majimaji. Mwanafunzi Mganda, mwenye amazzi yake (ndiyo maji kwa Kiganda) nyumbani, hulishika hili mara moja. (Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ni jina, lililotokana na maji ya dawa ya Kinjeketile. Tuviachie somo la historia.)

Shida ni pale anapokitumia kwa kila kitu. Muhogo uliopikwa ukatoka umejaa maji, mlegevu, ni chelema. Shati lililonyeshewa njiani kutoka Wandegeya limelowa chepechepe. Mchuzi wa karanga ulioshika ni rojorojo, na huyo mpishi asifiwe! Kule kwenye mafunjo ya Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, ni ardhioevu, na ukiandika "ardhi majimaji" msomaji atadhani mvua imenyesha jana tu.

Lakini mahali ninapokitetea kivumishi hiki kwa nguvu zote ni zahanati. Mwaka 2018 kipindupindu kiliingia Hoima, kwenye kambi ya Kyangwali, miongoni mwa wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo. Watu wa Ituri wengi huongea Kiswahili. Mama akisema "mtoto anaharisha," muuguzi bado hajajua la kutosha. Amuulize: choo ni laini, au ni cha majimaji? Mara ngapi tangu asubuhi? Choo laini au cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku ndiko kuharisha kwenyewe. Kikiwa majimaji kabisa, cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, hapo ni kipindupindu cha kushukiwa, na mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Maji ya chumvi na sukari yaanze papo hapo.

Kwa hiyo naomba zoezi la wiki hii lisiwe sentensi tano za uji. Wagaweni wanafunzi wawiliwawili, mmoja muuguzi, mmoja mama kutoka Bunia, mji wa Ituri, waulizane hadi muuguzi aweze kuandika kwenye kadi neno moja lililo sahihi.