Shangazi, usiniulize namba ya kimbunga

Hamjambo ndugu zangu wa Kampala, Arua, Kasese na kwingineko nyumbani. Nazungumza nanyi kutoka Augusta, jimbo la Georgia, nikiwa nimesimama kando ya kisiki cha mti wa mwaloni ambao hadi Septemba 2024 ulikuwa ukitupa kivuli uani kwangu. Kila msimu wa vimbunga shangazi yangu hunipigia simu kutoka Entebbe na kuuliza jambo moja: "Ni namba ngapi?" Namheshimu sana shangazi, lakini kwetu sisi tunaoishi mbali na bahari, namba hiyo haitoshi.

Namba yenyewe, kuanzia 1 hadi 5, hupima ule upepo mkali kuliko wote unaodumu kwa dakika moja, na upepo huo hupatikana katika ukanda mwembamba tu, yaani ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho, kitovu tulivu cha kimbunga. Haisemi kimbunga kina upana gani, kinasonga upesi kiasi gani, wala nyumba yangu iko upande gani wa njia yake. Ili kuyajua hayo, ndege za utafiti hupenya hadi ndani ya jicho na kuangusha vifaa vidogo vyenye parachuti, ambavyo hupima kanieneo (mgandamizo) ya hewa, joto, unyevu na upepo mpaka vinapogusa maji. Kanieneo ya katikati ikishuka, mara nyingi kimbunga kinapata nguvu. Lakini kuna wakati ukuta wa pili hujijenga nje ya ule wa kwanza na kuubana hadi utoweke. Namba hushuka kwa saa kadhaa, watu wakashusha pumzi, ilhali eneo lenye upepo mkali limetanuka.

Tazameni kimbunga Helene cha mwaka huo wa 2024. Kilitua karibu na Perry, Florida, baada ya saa tano usiku wa tarehe 26 Septemba, kikiwa cha daraja la 4, na upepo wa kilomita 225 kwa saa. Kutoka Perry hadi hapa ni karibu kilomita 400, umbali unaozidi kidogo ule wa Entebbe hadi Arua kwa mstari ulionyooka. Kimbunga hujilisha kwa joto na mvuke wa bahari; kikishaingia nchi kavu, chakula hicho hukatika, na miti na vilima huupunguza kasi upepo wake. Hata hivyo kudhoofika huko huhitaji muda, na Helene kilikuwa na haraka, kwa hiyo kilifika mbali bara kabla hakijachoka. Isitoshe, huku kaskazini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kinyume na mshale wa saa, hivyo upande wa kulia wa njia yake kasi ya upepo hujumlishwa na mwendo wa kimbunga chenyewe. Augusta ilikuwa kulia. (Nyinyi mnaopiga picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe hamna shida hiyo, kwani hapo msokoto wa mzunguko wa dunia, unaovifanya vimbunga vijizungushe, haupo.)

Alfajiri, Helene kilishushwa hadhi na kuitwa dhoruba ya kitropiki, na namba ikafutika kabisa. Saa hizo hizo ndipo mwaloni wangu ulipong'oka, kwa sababu udongo ulikuwa umelowa kwa mvua iliyotangulia na mizizi haikuwa na pa kushika.

Jambo jingine ni ile koni inayochorwa kwenye ramani za utabiri. Inaonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita, si mahali upepo utakapofika. Upepo wa dhoruba wa Helene ulienea zaidi ya kilomita 400 kutoka kwenye jicho, upande wa mashariki.

Kwa hiyo, shangazi, mara nyingine niulize kitapita magharibi au mashariki yangu, na upepo utafika saa ngapi. Nikikujibu kwamba tumehamishia magodoro kwenye korido, mbali na madirisha na ile miti miwili iliyobaki, utakuwa umeshaelewa.