Manamba wa South Pacific

Ndugu zangu, filamu ya South Pacific imekwisha, taa zimewashwa na naona baadhi yenu mnapangusa macho. Msione haya. Pale mlowezi wa Kifaransa anaporudi salama kutoka vitani na kumkuta nesi wa Kimarekani mezani na wanawe wawili, nami hulia kila mara.

Ujasiri wa kazi hii tuutambue. Watunzi Rodgers na Hammerstein waliipandisha kwanza kama tamthilia ya nyimbo katika majukwaa ya Broadway, New York, mwaka 1949, filamu ikafuata 1958. Nellie, yule nesi, ni mtu wa Little Rock, Arkansas. Anampenda Emile, yule mlowezi, hadi anapojua kwamba marehemu mama wa watoto wale alikuwa Mpolinesia, basi anamkimbia. Na Wamarekani walioingia sinema 1958 walikuwa wameshaona, miezi michache tu nyuma, wanajeshi wakiwasindikiza wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya Little Rock hiyo hiyo. Luteni Cable, mwanajeshi wa Kimarekani, naye anaimba kwamba chuki ya rangi mtu hazaliwi nayo, hufundishwa. Watunzi walishauriwa wauondoe wimbo huo, wakakataa.

Lakini mimi nimekuja kumzungumzia Bloody Mary, mama mchuuzi wa kisiwani, aliyeigizwa na Juanita Hall, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Tony, tuzo ya Marekani ya michezo ya jukwaani. Mary ni Mtonkin, wa kaskazini mwa Vietnam. Wafaransa waliwasafirisha watu wa Tonkin kwa mikataba hadi mashamba ya New Hebrides, ambayo leo ni Vanuatu. Sisi jina lao tunalo: manamba. Aliyekulia karibu na mkonge wa Tanga ananielewa.

Katika tamthilia, ofisa wa jeshi anamfokea Mary: walowezi hawapati mtu wa kuchuma nazi, kwa kuwa yeye anawalipa watu mara kumi kutengeneza sketi za majani. Mary anajibu kwamba walowezi ni mabahili. Watazamaji hucheka, kisha hadithi inasonga. Mimi naomba tusimame hapo, maana ugomvi huo mfupi ndio unaotuonyesha nyumba ile nzuri ya Emile inasimama juu ya ujira wa nani.

Na Liat, bintiye? Cable anampenda lakini anakataa kumwoa, mama anataka kumwoza mlowezi mwingine. Mary anapoimba "Happy Talk", Liat hafungui kinywa. Anafuatisha maneno ya mama kwa vidole tu. Tafadhali, turudishe mkanda hapo, safari hii tumtazame yeye.