Mkono Uleule: Protini za Neva katika Kinga ya Mwili

Karibuni, waliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele.

Nianze na reli. Zamani kando ya reli kulikuwa na mlingoti wenye mkono wa chuma. Mkono ukinyooka, dereva anasimama. Alama hiyo Wazungu huiita semafo, na kutoka hapo zikaitwa protini ninazozizungumzia: semaforini.

Mwaka 1993, maabara ya Jonathan Raper kule Marekani iliipata mojawapo katika ubongo wa kuku. Neva inayokua ina ncha kama kiganja kilichotandazwa, vidole vinapapasa njia. Uidondoshee protini ile, leo tunaiita Sema3A, kiganja kinafumba. Vidole vinanywea, ncha inasinyaa hapo hapo ilipo. Njia hii imefungwa, tafuta nyingine.

Tukadhani ni mali ya neva. Basi! Mwaka 2000 kundi la Hitoshi Kikutani, Osaka, likaonyesha kwamba semaforini nyingine, Sema4D, inayokaa juu ya seli T za kinga, ina kazi kwenye kinga pia. Inaishika seli B, ile inayotengeneza kingamwili, kwenye kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ishara) kiitwacho CD72, ambacho kazi yake ni breki. Breki ikiachia, seli B inachangamka.

Lakini ninayoipenda mimi ni ile ya kuku. Ngozini mna seli za dendriti, ndizo zinazookota vipande vya vijidudu na kuvipeleka kwenye tezi za limfu. (Mtoki unaovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni? Hiyo ni tezi ya limfu ikiwa kazini.) Kufika huko lazima seli ijipenyeze kwenye ukuta wa mshipa wa limfu, na upenyo ni mwembamba kuliko seli yenyewe. Ukuta huo hutoa Sema3A. Inaigusa seli kwa nyuma, nyuma kunajikaza, seli inasukumika mbele mpaka inapita. Panya wasio na pleksini-A1, sehemu ya kipokezi chake, seli zao hukwama mlangoni.

Mnaona? Kujikaza ni kulekule. Kwenye ncha ya neva kunafunga njia, huku nyuma ya seli kunaifungua.

Na virusi navyo vimeshaisoma alama hii. Vaksinia, kirusi tulichochanjia ndui, kina aina zilizobeba semaforini yao wenyewe, ya kughushi. Inashika pleksini-C1, kipokezi kingine cha seli za dendriti, nazo zinashindwa kujishikiza vizuri.

Haya, mama pale nyuma alinyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu, uliza.