Matunzo ya Mtoto Si Kiingilio cha Mlangoni

Ndugu zangu, nakuja kwenye jambo ninalolisema kila nipewapo kipaza sauti, na nitalisema mpaka lieleweke: wazazi wakiachana, fedha za matunzo na kuonana na mtoto ni mambo mawili. Baba halipi, kwa hiyo hamwoni mtoto. Hamwoni, kwa hiyo halipi. Hesabu hii kaitunga nani?

Tazameni inavyokwenda. Jumamosi, mtoto wa miaka sita kaamka mapema kuliko siku ya shule. Kavaa viatu, mkoba mgongoni, kakaa karibu na mlango. Baba anafika. Mama anatoka peke yake, anaurudishia mlango: "Ya mwezi uliopita iko wapi?" Baba hana, au anayo ila ana kinyongo. Sauti zinapanda. Baba anaondoka akiapa kwamba hatoi hata senti mpaka apewe mwanawe. Mle ndani mtoto anaambiwa avue viatu. Niambieni, katika watu hawa watatu, mwenye deni alikuwa nani, na aliyelipishwa ni nani?

Kuna mama ataniuliza, "Kwa hiyo nimkaribishe mtu asiyetoa chochote?" Hasira hiyo naielewa. Anayenunua madaftari peke yake na kukesha na homa ya mtoto peke yake ana haki ya kukasirika. Lakini dai la fedha lipelekwe mahakamani, ambako mdaiwa huamriwa kulipa. Ukifunga mlango, anayekosa ni mtoto. Na baba aliyezuiwa aende mahakamani vilevile akaombe amri ya kumwona mwanawe, huku akiendelea kulipa. Njaa haisubiri kesi iishe.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa 1989, umeyatenga: kuonana na wazazi wote wawili kuko ibara ya 9, kudai matunzo kuko ibara ya 27. Hakuna inayoisubiri mwenzake. Kinachoweza kuzuia kuonana ni maslahi ya mtoto mwenyewe. Kukiwa na kipigo au hatari, zuieni, tena mkimbilie mahakamani upesi. Matunzo yasiyolipwa si hatari ya namna hiyo.

Sasa, "Nimeshaoa tena, nina familia mpya." Namtakia heri, lakini watoto wa kwanza hawakufa siku ya harusi. Wategemezi wakiongezeka, mahakama inaweza kuombwa ipime upya kiasi. Iombwe! Si mtu kuamka tu na kuacha kutuma. Mama naye akiolewa, baba wa kambo anayelea vizuri apewe heshima yake, ila hamfuti baba mzazi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, unasema wazi katika ibara ya 18 kwamba mtoto asinyimwe matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake.

Mzazi aliyehamia ng'ambo nilitaka kumzungumzia kwa kirefu, muda umekwisha. Upo Mkataba wa Hague wa 2007 wa kudai matunzo kuvuka mipaka, kwa nchi zilizojiunga. La mwisho: msimtume mtoto kudai hela. Lipeni kwa njia inayoacha kumbukumbu, na mkishindwa kukabidhiana kwa amani, mtafuteni ndugu mnayemwamini nyote wawili, mtoto achukuliwe kwake. Haya, dada pale nyuma, uliza swali lako.