Mama, Unga wa Mtoto Weka Begi Kubwa

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Leo niko chini sakafuni kama mnavyoniona, jikoni kwangu hapa Columbus, Ohio, maana meza yote imejaa chakula cha mtu mmoja ambaye hata meno manne hayajatimia. Wiki ijayo tunakuja nyumbani, mimi na huyu wa miezi kumi. Ngoja niiegemeze simu kwenye chupa ya chai... haya.

Video hii inawahusu zaidi mama zangu na mashangazi mlioko Moshi, kuliko kina mama wenzangu wa huku. Kwa sababu kuja kwetu hakuna shida. Kizaazaa kiko kwenye kurudi.

Kuja niseme harakaharaka. Ile sheria ya vimiminika kutozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, ya marashi na losheni, chakula cha mtoto hakimo. Viwanja vya Marekani wanaruhusu maziwa ya mama, ya kopo na hivi vifuko vya matunda yaliyosagwa, kiasi cha kutosha safari, hata vikizidi hizo mililita. Maziwa uliyoyakamua yanapita hata kama mtoto umemwacha nyumbani, pamoja na vile vibarafu vya kuyapoza. Wewe ukifika kwenye mashine usingoje kuulizwa. Sema, "Nina chakula cha mtoto," uvitoe vikae trei ya peke yake. Hutaki chupa ifunguliwe? Sema pia, wana njia nyingine ya kukagua.

Ila mkibadilisha ndege njiani, viwanja vingine mnakaguliwa upya, na kila nchi ina yake. Uingereza, kwa mfano, maziwa ya mama yaliyoganda hayaingii kwenye begi la mkononi. Yakiwa yameyeyuka, ruksa. Usiniulize kwa nini.

Sasa kurudi. Miaka mitatu iliyopita nilikuja na mkubwa wangu, huyu anayekula chapati mbili siku hizi. Siku ya kuondoka mama akanifungia unga wa lishe: ulezi, mchele, soya, karanga, ukasagwa laini kabisa, kilo mbili. Mimi na akili zangu nikasema begi kubwa linaweza kupotea, mtoto atakula nini? Nikautia begi la mkononi. Umefungwa kwenye mfuko mweupe, hauna jina, hauna chapa, umekazwa tofali kabisa. Jamani, hebu fikirieni unavyoonekana kwenye ile mashine!

KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ukapita. Tulipobadilisha ndege, kwenye lango la ndege ya kuja Marekani, mkaguzi akaunyanyua hivi, akaniangalia, akaita mwenzake. Mimi naeleza "uji, uji", naonyesha mtoto, naonyesha mdomo. Mtoto naye siku hiyo kaamua kulala fofofo, hanisaidii hata kulia. Unga ukabaki palepale kwenye pipa, kilo mbili, na jasho la mama yangu.

Nilikuja kujua baadaye. Tangu mwaka 2018, ndege zinazokwenda Marekani zina utaratibu wa vitu vya unga. Ukizidi mililita 350, yaani kama kopo moja la soda, na wakashindwa kuutambua, wanaweza kukukatalia kuingia nao ndani. Maziwa ya unga ya mtoto hayahesabiwi humo. Unga wa lishe wa mama, hata ungekuwa na upendo kiasi gani, si maziwa ya kopo. Kwa hiyo begi kubwa, mama. Mkononi nibaki na vijiko vichache tu kwenye kikopo, vya njiani.

Halafu ukishafika huku kuna forodha, na hao ni watu wengine kabisa. Wa usalama anaogopa bomu, wa forodha anaogopa wadudu na magonjwa ya mifugo. Ukiulizwa una chakula, jibu ni ndiyo, hata kama ni kashata mbili. Kusema unacho hakukupi adhabu, wakikikataa wanakichukua basi. Kuficha ndiko kunakoweza kukufikisha kwenye faini, na inaweza kupanda hadi dola 10,000. Kwa hiyo shangazi, yale maembe ya "mpelekee mjukuu aonje" hapana. Mtori wenye nyama kwenye hotpoti pia hapana, tutaumalizia hapohapo nyumbani, tena kwa furaha. Dagaa wakavu mimi huwa nawatangaza, wananiruhusu.

Na asali, bibi, ile ya kumlambisha mtoto anyamaze kwenye ndege? Chini ya mwaka mmoja haifai kabisa, inaweza kuwa na vijidudu vya kumlemaza misuli. Ndege ikipaa na ikishuka mimi namnyonyesha tu, kumeza kunafungua masikio.

Ah, nisisahau hiki kikombe cha mrija. Kikifunguliwa huko angani kinatema kama bomba! Hewa ya ndani ya ndege inapungua mgandamizo, ile iliyobanwa kwenye kikombe inasukuma maji juu. Safari ile nilimrushia juisi baba wa watu aliyevaa suti, alikuwa mstaarabu, akacheka. Siku hizi nakifungua kifuniko kidogo kwanza, nimekifunika na khanga. Maziwa ya kopo nayo sikorogi mapema. Nabeba unga wake umepimwa kwenye vikopo, na chupa ya chai tupu, nikishavuka ukaguzi naomba maji yanayochemka mgahawani. Yakishakorogwa, saa mbili zikipita bila kunywewa namwaga, na akishaanza kunyonya chupa ni saa moja tu. Inauma, najua bei yake, lakini kuharisha ndani ya ndege, safari ya saa nane, choo kile? Hapana.

Mnasikia huyo? Kaamka. Mama, ukiiona hii usinipigie kunigombeza. Kilo moja inatosha. Nimeshaambiwa na kaka kwamba ulezi umepelekwa mashineni tangu juzi, na kwamba safari hii ni debe.