Muulize Yeye Angeinunua kwa Ngapi

(Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya wapenzi wa sarafu na vitu vya kale)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. (Ukumbi unaitikia.) Na wale ambao sijawagusa, habari za jioni.

Nimeitwa nijibu swali moja: je, muuza sarafu za kale anaaminika? Ningeweza kusema wapo waaminifu na wapo matapeli, tukanywa kahawa tukaenda zetu. Lakini jibu hilo halimfai mtu aliyekwisha kaa mbele ya muuzaji, rupia iko mezani, hela iko mfukoni, na muuzaji anatabasamu. Waaminifu nao wanatabasamu.

Nilikuwa mwalimu wa historia. Sarafu nilianza kukusanya kabla sijaoa, na mke wangu yule pale nyuma anaijua hesabu ya hasara zangu kuliko mimi. (Kicheko.) Kwa hiyo nitakayosema nimeyalipia.

Nimetaja hela. Neno lenyewe ni sarafu. Mjerumani alikuwa na rupia yake hapa, na kuanzia 1904 akaigawa rupia moja kwa heller 100. Wazee wetu wakaiita hela, sarafu ikaondoka, jina likabaki. Kabla ya hapo rupia iligawanywa kwa pesa 64, na pesa hizo za shaba za 1890 mpaka 1892 zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na mwaka wa Hijria: 1307, 1308, 1309. Kijana akikuletea pesa yenye tai na miaka hiyo usishtuke ukadhani ni ya zama za masahaba. Ni kampuni ya Kijerumani iliyotaka ieleweke sokoni.

Sasa kwa nini kusini kuna rupia nyingi majumbani? Kodi. Mwaka 1898 Mjerumani aliweka kodi ya nyumba, rupia 3, na mtu asiye na rupia ilimbidi aitafute: shambani kwa mzungu, kwenye upagazi, kwenye barabara. Tunajua jambo hilo lilivyochangia moto wa Maji Maji uliowaka Umatumbi 1905. Kisha kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wa Lindi walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, kule Tendaguru, wakaibeba kichwani siku kadhaa mpaka bandarini, wakalipwa ujira. Fedha ile iliingia kwenye masanduku ya bibi zetu. Kwa hiyo mtu akikwambia rupia hii ameikuta kwenye sanduku la babu yake Newala au Nachingwea, inawezekana kabisa anasema kweli. Lakini ukweli wake haumpi haki ya kukudai mamilioni. Rupia ya fedha ya kawaida ina uzito wa gramu 11.66, na fedha yenyewe ni sehemu 917 kwa 1000, yaani gramu kumi na kitu za fedha safi. Hiyo ndiyo sakafu ya bei. Juu ya sakafu kuna mwaka wake, uadimu wake na hali yake, na hapo juu ndipo muuzaji anapopata nafasi ya kuzungumza.

Niwaeleze jinsi nilivyoumia. Miaka hiyo nikiwa Dar es Salaam kwa semina, niliingia duka moja, jina nitalihifadhi, nikaona reale. Mnaijua reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye mama mnene mwenye kifua, iliyotembea pwani yote hii mpaka Unguja na Uhabeshi. Imeandikwa 1780. Mwenye duka akaniambia, "Mwalimu, hii imeshapita miaka mia mbili." Nikaitazama, nikaona 1780, nikatoa mshahara wa karibu mwezi mzima.

Nilifika nyumbani nikaipima kwa sonara: gramu 28, kama inavyotakiwa. Fedha halisi. Nikalala usingizi mzuri wiki nzima, mpaka niliposoma kwamba Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo wa 1780, na baada ya hapo wakaendelea kuipiga sarafu hiyohiyo kwa mwaka uleule, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika hawakutaka nyingine. Walipiga Vienna, na baadaye hata London na Bombay, mpaka karne ya ishirini. Ya kwangu ilikuwa changa kuliko baba yangu.

Je, yule bwana alinidanganya? Sarafu imeandikwa 1780. Labda hata yeye hakujua. Nilimrudia, sikugombana, nikamwambia nimepata shida ya nyumbani, anisaidie kuinunua tena. Akaishika, akaigeuza, akaniambia, "Aa, mwalimu, hizi ziko nyingi." Akanitajia robo ya bei aliyoniuzia. Robo! Sarafu ileile, mkono uleule, hata miezi miwili haijapita.

Ndugu zangu, siku ile aliniambia ukweli wote kuhusu reale, na aliusema pale tu alipogeuka kuwa mnunuzi. Tangu hapo sinunui sarafu kabla sijauliza swali moja: "Bwana, kesho nikikuletea hiihii, wewe utaichukua kwa ngapi?"

Muulizeni kwa upole tu. Halafu nyamazeni.

Muuzaji lazima apate faida. Analipa pango, analipa leseni, na sarafu nyingine inamkalia kabatini mwaka mzima. Akisema nimekuuzia kwa laki, nitaichukua kwa elfu sabini, mimi humpa mkono. Akisema elfu sitini namwelewa, tunaongea. Akianza "unajua, soko linabadilika, inategemea, wewe chukua tu, hii ni mali ya wajukuu," basi nafunga mkoba wangu. Mtu anayesifu mali kwa bei asiyothubutu kuilipa mwenyewe ananiuzia maneno.

Ninyi watu wa korosho mnalijua hili kuliko watu wa Dar. Kangomba ni nini? Ni mtu anayekuja na hela taslimu wakati una shida, na anakuja na kipimo chake. Hajakuibia gunia, mmekubaliana vizuri, umemshukuru. Ubaya umo ndani ya kile kipimo. Kwenye sarafu ni vilevile: ikiwa muuzaji ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye kitabu cha bei na ndiye mwenye lenzi, umeshaliwa hata kama ni mtu wa swala tano.

Kwa hiyo shika mizani yako. Siku hizi kuna vimizani vidogo vya kupimia mpaka sehemu ya gramu, bei yake ni ndogo kuliko hasara ya sarafu moja. Chukua na sumaku: fedha, dhahabu na shaba hazivutwi, ikivutwa nenda nyumbani. Tazama ukingo wa sarafu, kwenye meno ya pembeni. Iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mshono au vitundu vidogo kama vya kitumbua, wakati sarafu halali hupigwa kwa muhuri, haimiminwi.

Nitoe mfano wa dhahabu, maana hapo ndipo watu wanalia. Mwaka 1916, vita vikiwa vimembana, Mjerumani alipiga sarafu kwenye karakana ya reli Tabora. Kati ya hizo kuna ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu, na dunia nzima inazitafuta, basi matapeli nao wanazitengeneza. Halali ina uzito wa gramu 7.17 hivi, dhahabu ya karati 18. Shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya dhahabu, kwa ukubwa huohuo, haifiki gramu 5. Huhitaji shahada hapo. Nimeletewa tembo watano maishani mwangu, na wote walikuwa wepesi. (Kicheko.)

Wengine watawaambia nunueni zile zilizofungwa kwenye kasha gumu la plastiki, zenye namba na daraja. Ni ushauri mzuri kiasi. Kuna kampuni mbili kubwa za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zinazokagua sarafu na kuipa alama kati ya 1 na 70. Muuzaji aliyeziweka sarafu zake huko amekubali kukaguliwa na mtu wa tatu, na hilo ni jema. Ila makasha nayo yanaigizwa. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni, na mara nyingi utaiona picha ya sarafu yenyewe. Linganisha doa kwa doa, kovu kwa kovu. Na mjue kwamba tofauti ya alama 63 na 65 ni macho ya mtu. Sarafu moja ikipelekwa mara mbili inaweza kurudi na alama mbili, na kwa sarafu nyingine pengo hilo ni bei ya pikipiki. Muuzaji asiye na kasha, anayekwambia kwa mdomo tu "hii ni 65", unaweza kumjibu kwamba na wewe una miaka 25. (Kicheko.)

Shilingi za mkoloni nitazipita haraka. Zile za mfalme wa Uingereza zilizoanza 1921 zilikuwa na robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hazina fedha hata kidogo. Anayekuuzia shilingi ya 1952 kwa bei ya fedha ama hajui ama anajua sana. Na ile shilingi yetu ya 1966 yenye Mwalimu Nyerere, ambayo kila mwaka inazushiwa kuwa kuna mzungu anainunua kwa mamilioni, ilipigwa kwa mamilioni ya vipande. Huyo mzungu hajawahi kufika Mtwara. Wala ile rupia ya ajabu inayosemwa inavuta mchele kama sumaku haipo, tafadhali. Nimeona watu wazima wakimwaga mchele mezani.

Lakini kuna sarafu moja ambayo nataka tuizungumze taratibu, kwa sababu ni ya kwetu. Sarafu za Kilwa.

Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, nyingi za shaba, ndogo, zina majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, huyu aliyekuwa sultani wakati msafiri Ibn Battuta alipofika 1331. Moja yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na zilifikaje huko ni habari ya usiku mzima. Na zina vina! Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno yanayokubaliana nalo kwa sauti, kwamba anamtumaini Mola mwenye neema. Utenzi kwenye kipande cha shaba. Sultani mwenyewe aliandika imani yake ni kwa Mungu, hakuandika popote kwamba anamwamini dalali.

Hizi msizinunue. Msimwamini yeyote anayewauzia, awe mkweli au mwongo. Kama ni za uongo, umepoteza hela. Kama ni za kweli, zimefukuliwa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu hapa nchini kabla ya 1863. Huwezi kuviuza wala kuvitoa nje bila kibali. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na bado mtu anapita na jembe usiku. Sarafu iliyong'olewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa tabaka gani na kando ya nini imeshakatwa ulimi. Hapo muuzaji mwaminifu ni yule tu anayekwambia "sina".

Naona Bi mkubwa pale ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mama.

(Bi mkubwa anasimama, anafungua ncha ya leso, anatoa rupia yenye tundu. Anasema ilikuwa mkufu wa bibi yake, na kuna kijana amemshauri aisugue kwa ndimu na jivu ing'ae kabla hajaileta kwake aione.)

Usiisugue, mama! Huo weusi ndio ngozi yake. Ukiisugua itang'aa kama sufuria, na mnunuzi anayejua atapunguza bei mbele yako, na atakuwa na haki. Tena huyo kijana anayetaka isuguliwe kwanza, sitasema zaidi.

Nipe tuipime. Gramu 11.3. Tundu limekula kidogo, na shingo ya bibi imekula kidogo. Sumaku, hakuna kitu. Meno ya pembeni mazuri. Kaisari mwenye kofia ya chuma upande huu, simba na mnazi upande huu, 1891. Ni halali. Kwa mkusanyaji tundu limeishusha sana, sitakuficha. Kwa wajukuu wako tundu ndilo lenye habari.

(Sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, na wewe ungeinunua kwa ngapi?")

Ee, mmenikamata! Swali langu limenirudia. Mimi siinunui, mwanangu. Nimeshamwambia ina kasoro gani. Nikitoa hela sasa hivi hatajua kasoro ile niliisema kama mwalimu au kama mnunuzi. Akitaka kuiuza, aende kwa watu watatu tofauti, asiwaambie mwenzake kasema nini, arudi hapa Jumamosi anipe bei zote tatu tuziandike ubaoni. Ifunge vizuri kwenye leso, mama. Haya, yule mwenye kofia ya kijani, swali lako.